Wateja Tuwape Nini

8 Januari

Dada yangu mkubwa,

Habari za huko kwenye baridi? Sisi wazima. Mama hajambo, ila masikio ndiyo yamegoma kabisa: ukimwomba kijiko anakuletea kifuniko, na ukimcheka anacheka na yeye, bila kujua tunacheka nini. Wifi yako anakusalimu. Watoto wanakua kama magugu. Yule wa mwisho kang'oka meno ya mbele, sasa akitaka kusema "samaki" nyumba nzima inapata mvua.

Nimeona nikuandikie kwa sababu unajua mwenyewe, tukishika simu tunaishia kwenye ule ugomvi wa mabati ya paa. Kwenye karatasi mtu hawezi kumkata mwenzake kauli. Na Mama kwenye simu hasikii kitu. Afadhali nimsomee sikioni.

Sasa jambo lenyewe. Barabara imepanuliwa. Yale mabanda ya mbele yamevunjwa yote, na nyumba yetu iliyokuwa imejificha kama mwenye deni leo imetazamana na lami uso kwa uso. Malori yanasimama hapo. Wafanyakazi wa kiwanda cha magodoro wanapita asubuhi na jioni. Na pa kula hakuna, ila mama mmoja wa chai na mayai ya kuchemsha, naye akiamka na mafua basi mtaa mzima unashinda njaa. Mimi kupaka rangi nyumba za watu nimechoka, Dada. Kifua kinanikwaruza. Nimeamua kufungua mgahawa, papo hapo nyumbani. Nitaanzia sebuleni. Jiko atasimamia wifi yako.

Wewe umezeekea jikoni. Hospitali nzima inakula kutoka mikononi mwako. Nipe mawazo: wateja tuwape nini? Usiniandikie kwa adabu, niandikie kama unavyonigombeza.

Mimi mdogo wako wa mwisho,
Kitinda


2 Februari

Kitinda wangu,

Barua yako nimeisomea kitandani, nimevaa soksi mbili mbili. Nimefurahi hadi jirani kagonga ukuta. Mimi mzima. Miguu inavimba kidogo kwa kusimama, lakini miguu ya mpishi isipovimba watu watasema alikuwa amekaa. Kazini hakuna jipya, tuyaache hayo.

Mawazo ninayo ya mwaka mzima, nitakupa mpaka ukimbie.

Kwanza maji. Mtu akikaa tu, maji mezani, kabla hajafumbua mdomo. Aliyeingia na wasiwasi akishika glasi anatulia, anajua hapa hafukuzwi. Pili, weka meza ndogo ukutani, ya mtu mmoja. Mtu aliye peke yake ukimkalisha kwenye meza ya watu sita anaonekana kama aliyekimbiwa, atakula haraka na hatarudi. Tatu, kuwe na sahani ndogo kwa asiyetaka kubwa, na mhudumu asimuulize kwa nini. Nne, pikeni vyakula vichache, na kikiisha kiishe. Mgahawa wenye vyakula ishirini una vyakula kumi na tisa vya jana.

Tano, na hili usilicheke: kuwe na chakula laini kila siku. Supu iliyochujwa, viazi vya kuponda, wali uliolainika. Nimelisha wagonjwa na wazee miaka yangu yote. Wazee hawaachi kutoka nje kwa ajili ya miguu, Kitinda. Wanaacha kwa ajili ya meno. Wanaona haya kutafuna mbele za watu. Wape pa kula bila haya, na mtoto wao na mjukuu watakuja nao.

Na kubwa kuliko yote, watu hawali chakula peke yake, wanakula na habari zake. Mweke Mama mlangoni. Mpe kiti kizuri, awapokee watu. Asikie asisikie, yule mwanamke anajua kumtazama mtu akajiona amefika. Uite mgahawa Kwa Mama.

Swali langu moja. Sebule ile haitoshi hata kugombania. Chumba kinachofuata, chenye dirisha la barabarani, ni cha Mama. Usije ukanieleza kwamba unakitazama.

Hapa msomee Mama: Mama, mimi nakula vizuri, sijakonda. Vaa viatu usitembee peku kwenye sakafu ile ya baridi.

Ni mimi, niliyekubeba mgongoni ukanikojolea,
Dada yako


19 Machi

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa, tumefungua! Salamu nyingi kutoka kwa wote. Mama anakusalimu sana. Nilimsomea yale maneno ya viatu akacheka.

Maji tunaweka. Meza ya mtu mmoja nimeitengeneza mwenyewe, na huwezi kuamini, ndiyo inayogombewa. Kuna dereva mmoja akikuta imekaliwa anasimama nje anasubiri. Sahani ndogo pia. Jina ni hilo hilo ulilosema, nimeliandika kwa herufi nyekundu kubwa, linaonekana tangu kwenye kona. Na ndani nimetundika picha ya Mama, ile ya enzi za ujana, nimeikuza.

Chakula laini wifi yako amekikataa. Alisema, "Huu ni mgahawa au wodi? Mtu ametoka kiwandani na njaa yake umpe uji wa viazi?" Nimeshindwa kubishana, yeye ndiye mwenye mwiko. Tumeweka kuku wa kukaanga na chipsi, na televisheni. Najua utanuna.

Sebule imejaa, wengine wanakula wamesimama. Tunapanua kidogo. Nimepaka rangi kila mahali, ukija hutaitambua nyumba.

Mengine ni ya kawaida. Kazi ni nyingi, mwili ni huu huu mmoja.

Kitinda


6 Aprili

Mdogo wangu,

Hongera sana. Nimewasimulia wenzangu wote jikoni, mpaka msimamizi akaniambia, "Wewe nenda ukafanye kazi kwa mdogo wako." Nikacheka. Wifi mpe hongera zake. Mwambie nimenuna kuhusu televisheni, lakini kununa kutaisha.

Nimekaa nafikiria mgahawa wako hata usingizini. Fanya hivi: mpishi atoke nje walau mara moja kila mchana, apite kati ya meza, aulize. Asiulize "chakula kizuri?", hapo kila mtu atasema ndiyo. Aulize "umebakiza nini?" Sahani inayorudi jikoni haijui kudanganya. Na mkate wa jana msiutupe, ukaangeni na yai, watoto wataulilia. Na mlango wa jiko uwe wazi. Mtu akiona mvuke anaagiza zaidi.

Lakini Kitinda, "tunapanua kidogo" ni kuelekea wapi? Nilikuuliza, ukanijibu habari za rangi. Mama analala chumba kipi?

Nahitaji pia msaada wake. Kuna mgonjwa hapa hawezi kumeza. Muulize Mama: ule mchuzi wa maharage aliompikia Baba kipindi kile Baba ana vidonda mdomoni, mwishoni alitia nini? Nimejaribu, ladha haiji. Muulize taratibu, sikioni, akumbuke. Uniandikie maneno yake kama alivyoyasema.

Dada yako


30 Mei

Dada,

Pole kwa kungoja. Huku pumzi hakuna. Wateja wanaongezeka, tumeajiri binti wa kuhudumu, mchangamfu sana. Wazo la mkate na yai limewashika watu, asubuhi kuna foleni. Kila linalokwenda vizuri hapa nasema, hili ni la dada yangu.

Nimemuuliza Mama habari za mchuzi. Alifikiria sana, halafu akasema, "Mwambie atie limau mwishoni, na pilipili manga kidogo, asiifunike." Ndivyo alivyosema.

Siku hizi amekuwa mchovu, mchana analala sana. Ni uzee. Usijali.

Kitinda


21 Julai

Kitinda,

Salamu zangu ni hizi.

Mchuzi ule hakuupika Mama. Nilipika mimi. Mama mwenyewe alikuwa kitandani na homa wakati ule, na wewe ulikuwa mbali unapaka rangi shule za watu, huwezi kukumbuka. Ungemuuliza kweli angesema, "Mimi? Si alipika yeye?" Na limau, Kitinda! Limau kwa mtu mwenye vidonda mdomoni. Nilipolisoma hilo nilikaa chini sakafuni jikoni kwa watu. Nilijua humwoni Mama. Ila sikujua kama ni kwa sababu umemweka mbali, au kwa sababu hayupo tena.

Kwa hiyo nimekuja. Nimefika juzi mchana na begi langu, nikateremka mbele ya herufi zako nyekundu. Wewe ulikuwa umefuata unga. Wifi alikuwa jikoni, sauti yake niliisikia. Nikaingia kama mteja. Nilikaa kwenye meza ya mtu mmoja, ukutani, pale kilipokuwa kichwa cha kitanda cha Mama. Chumba umekipaka kijani. Kimependeza.

Maji yalikuja kabla sijafumbua mdomo.

Nikaagiza sahani ndogo, yule binti hakuniuliza kwa nini. Kila kitu kilikuwa kama nilivyokuandikia. Nilikuwa nimekaa ndani ya barua yangu mwenyewe. Na chakula kilikuwa kizuri, sitakudhulumu. Binti aliporudi kuchukua sahani nikamuuliza, nikiinyooshea kidole picha ya ukutani, "Huyu mama ndiye mwenyewe?"

"Ndiye," akasema. "Mapishi yote ni yake."

"Yuko ndani?"

Akapunguza sauti, maskini, kwa heshima. "Alishafariki, mama. Bosi hapendi kuongelea sana. Ukimtajia anainama tu."

Nikamwambia, "Poleni." Nimetoa pole kwa kifo cha mama yangu kwa binti nisiyemjua, halafu nikalipa, nikabeba begi.

Nilijua kwamba kama yu hai hana kwingine zaidi ya kwa mama mdogo, huku ng'ambo ya kilima. Nimepandisha kilima chote bila kujua nakwenda kumwona au kuoneshwa kaburi. Nikamkuta amekaa kizingitini anachambua maharage. Akaninyooshea mkono kama tuliachana asubuhi. Akasema, "Umekonda. Uliniandikia hujakonda."

Sasa nimesikia yote, tena kwake mwenyewe, wala hakukusema vibaya. Kwamba wiki za kwanza alikaa mlangoni, watu wakampenda. Kwamba siku moja aliingia jikoni kuonja mchuzi, kijiko akakirudisha chunguni, mteja mmoja akaona, akasukuma sahani. Na wewe ukamfokea pale pale, watu wanatafuna wanatazama: "Mama, unanifukuzia wateja! Kaa ndani!" Hasikii kitu yule, Kitinda, lakini hilo alilisikia.

Halafu ukamleta huku, umembebea mfuko mwenyewe. Ukamwambia chumba chake kinapakwa rangi, harufu itamdhuru kifua, akae kwa mdogo wake mpaka ikauke. Mama mdogo anasema kila asubuhi Mama anauliza, "Hivi hiyo ni rangi gani isiyokauka?" Mama mdogo alitaka kunitafuta aniambie, Mama akamkataza. "Usinigombanishie wanangu."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwako mgeni kaja, mwenyeji katoka.

Najua tuko umbali wa kutembea. Ningeweza kuja nikuambie haya usoni. Lakini ulisema mwenyewe, kwenye karatasi mtu hawezi kumkata mwenzake kauli.

Dada yako


24 Julai

Dada,

Barua yako aliipokea wifi yako, akaisoma kabla yangu. Nyumba hii sasa haina amani, kama ulitaka kujua.

Nitasema, na wewe usinikate. Nani alimwosha Mama alipoanguka bafuni? Nani alimbeba usiku na mchana kwenda na kurudi hospitali, akisubiri kwenye mabenchi? Ulikuwa unatuma salamu na soksi. Wewe ulikuwa na mawazo, mimi nilikuwa na Mama. "Mweke Mama mlangoni." Ni rahisi kuandika! Uliwahi kufikiria atakwenda chooni mara ngapi na nani atamshika mkono, wakati meza zote zinaita? Hukumjua yule uliyekuwa unamwandikia. Ulikuwa unamwandikia mama wa kwenye picha.

Kumfokea nilimfokea. Siku ile ile nilipiga magoti mbele yake, naye akanishika kichwa. Hilo hakukusimulia? Au hukuliandika?

Habari ya kwamba amekufa, mimi sikuisema kwa mdomo wangu. Kila mtu alikuwa anauliza, yule mama wa mlangoni yuko wapi, yuko wapi. Siku moja yule dereva wa meza ndogo akaitazama picha, akavua kofia, akaniambia, "Pole sana, ndugu yangu. Na mimi wangu alitangulia." Mafuta yanaungua, watu wanaita, nikasema, "Asante." Neno moja tu. Kesho yake akaja na wenzake, wote wakanipa mkono. Mtu akishakupa pole utamrudishiaje? Baadaye nikaona ni afadhali. Kwa sababu mama aliyekufa hakuna anayekuuliza umempeleka wapi.

Ni kweli, chumba hakipo tena. Nikiziondoa meza zile, mgahawa hauendi. Nina watoto. Wewe mwenye mawazo, niambie nifanye nini.

Jumapili ijayo baada ya hii nitakuja. Nitapika mwenyewe, si wifi yako. Chakula laini, kama ulivyosema. Niruhusu.

Na umekujaje bila taarifa? Likizo hii ni ya muda gani?

Kitinda


29 Julai

Kitinda,

Mama hajambo. Mama mdogo hajambo.

Si likizo. Jiko la hospitali wamelifunga, chakula siku hizi kinaletwa na gari, kimefungwa kwenye plastiki. Walinipa taarifa kabla hata barua yako ya kwanza haijafika. Yale mawazo yote nilikuwa najiandikia mimi. Mlango wa jiko uwe wazi, mpishi atoke apite kati ya meza: mpishi nilikuwa mimi. Nilikuwa nangoja barua moja tu useme, "Dada, kwa nini usije tukapika wote?" Hukusema. Na mimi sikuomba, kwa sababu mkubwa haombi kwa mdogo. Ndiyo hasara yake hiyo, nimeiona.

Kweli, nilimwandikia mama wa kwenye picha. Hilo umenipata. Sasa namwosha huyu wa kweli kila asubuhi, na nakiri ni mzito. Lakini sijamfokea.

Unauliza ufanye nini. Mama bado hajui kwamba amekufa. Sijamwambia, na sitamwambia. Leo kaniuliza tena kama rangi imekauka. Nimemwambia bado. Umeona ulikonifikisha? Nimekuja kukusuta uongo wako, na sasa ninauendeleza mimi, kila asubuhi, kwa sauti kubwa, sikioni mwake.

Usije. Akikuona atafunga mfuko wake afuatane na wewe, na wewe huna pa kumlaza.

Dada yako


9 Agosti

Dada,

Nilikuja. Ulinikataza, lakini nilikuja, unajua.

Niliamka alfajiri nikapika supu ya kuku, nikaichuja mara mbili, na viazi vya kuponda. Nikapandisha kilima na sufuria nimeifunga kwa kitambaa. Mlango wenu ulikuwa wazi nusu. Nilimwona Mama mgongo. Ulikuwa unamlisha, na mkono wako mwingine umeuweka chini ya kidevu chake, na mlikuwa mnacheka jambo. Nikasimama. Nilitaka nimwone kwanza mpaka amalize kumeza.

Wewe uliniona. Tulitazamana, Dada, usikatae. Kivuli changu nadhani kilifika sakafuni, kwa sababu Mama akainua uso akauliza, "Nani huyo mlangoni?"

Ukainama sikioni mwake, ukamwambia kwa sauti ya kutosha hata mimi nisikie: "Hakuna mtu, Mama. Kula."

Akaendelea kula.

Supu nilirudi nayo. Nilikuta watu wamejaa, chakula cha siku kimeisha. Wifi yako akaipokea sufuria, akaipasha moto, ikauzwa yote. Mteja mmoja mzee, hana meno, aliomba aongezwe.

Kitinda